Beseni la sonara na bakteria wanaovua dhahabu

Chini ya meza ya sonara mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga, pana beseni la plastiki ambalo maji yake hayamwagwi. Ni la kunawia mikono. Mzee akishapiga tupa pete au kusugua bangili, kabla hajagusa kikombe cha kahawa huinama akanawa humo. Maji yamekuwa ya rangi ya majivu. Nilipomuuliza kwa nini hayabadilishi, alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini hatupi pochi yake.

"Mwanangu, humo mna nguo za Idi za wajukuu wangu."

Hakuwa akitania. Chenga za dhahabu zilizoshika viganjani huzama. Kila baada ya miezi kadhaa humimina maji ya juu polepole, akakausha tope, akalichanganya na vumbi alilofagia sakafuni na vitambaa alivyofutia kazi, akachoma vyote, kisha majivu yakaingia kwenye kalibu, chombo cha kuyeyushia. Kinachobaki ni kitone kidogo cha njano, na kitone hicho ni pesa.

Kisha akanionyesha ndoo iliyofunikwa kwenye kona, yenye maji yaliyochoka ya kuchovyea vito vipate ngozi ya dhahabu. "Hayo nayo yana dhahabu," akasema. "Ila haizami. Yamekaa tangu Mfungo Sita, haizami."

Ndoo ile ya pili ndiyo inayowashughulisha wataalamu wa vijidudu katika maabara za nchi mbalimbali, na ndiyo iliyozaa habari nyingi za ajabu kuhusu bakteria na dhahabu.

Kwanza tofauti ya beseni na ndoo. Mchele ukimwagika mchangani utaupepeta, utaupata. Chumvi ikishaingia kwenye mchuzi, hakuna chujio litakaloitoa. Ndani ya beseni dhahabu ni mchele: vipande ni vidogo sana, lakini bado ni metali, tena metali nzito mara 19 kuliko maji. Lazima izame. Ndani ya ndoo dhahabu ni chumvi. Kila atomu imenyang'anywa elektroni, moja au tatu, imekuwa ioni, imeshikwa na klorini au sianidi, na inatembea na maji popote yaendapo. Yapitishe kwenye pamba, yapitishe kwenye kitambaa, yatatoka na dhahabu yake vilevile.

Dhahabu haifikii hali hiyo kwa kupenda. Inahitaji maji makali, yaani asidi ya naitriki iliyochanganywa na asidi ya haidrokloriki, au sianidi ikisaidiwa na hewa. Ndiyo maana maji ya namna hii yanapatikana mahali maalumu: viwanda vya kuchovya vyuma, viwanda vya bodi za simu na kompyuta, viwanda vya kusafishia dhahabu, na migodini. Fedha ina njia zake. Wanaokumbuka studio za picha za zamani, zile za chumba cha giza na taa nyekundu, wanakumbuka dawa ya mwisho iliyogandisha picha isiendelee kubadilika. Dawa hiyo ilifanya kazi kwa kuyeyusha fedha ambayo haikupigwa na mwanga. Filamu za eksirei za hospitali nazo zilisafishwa hivyo hivyo. Mapipa mangapi ya fedha yamemwagwa kwenye mitaro kabla ya kamera za simu, Mungu ndiye ajuaye.

Sasa hao bakteria. Mwaka 2012 wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, mtaalamu wa vijidudu Kazem Kashefi na msanii Adam Brown, walionyesha chombo cha kioo ambamo bakteria waligeuza kloridi ya dhahabu kuwa dhahabu ya karati 24 kwa muda wa wiki moja hivi. Habari ikazunguka dunia nzima kwamba wamepatikana wadudu wanaokunya dhahabu. Sikubishi kuwa ilikuwa kichwa cha habari kitamu. Lakini kloridi ya dhahabu ina dhahabu tayari, na dukani huuzwa kwa bei ya dhahabu. Bakteria hatagi dhahabu kama kuku anavyotaga yai. Anachofanya ni kuirudishia elektroni ilizonyang'anywa, na ikisharudishiwa inakuwa metali tena. Ikiwa metali, inazama.

Mkanganyiko mwingine unatokana na watu kuchanganya kazi tatu tofauti za bakteria, wakaziita jina moja.

Kazi ya kwanza ni kuyeyusha, nayo ni kinyume kabisa cha shida ya ndoo yetu. Mwaka 1947 ilielezwa kuwa maji yenye asidi yanayotiririka kutoka migodini yana bakteria anayeishi kwa kula chuma na salfa, ambaye leo anaitwa Acidithiobacillus ferrooxidans. Kuna mawe ambayo dhahabu yake imefungwa ndani ya madini ya salfa. Ukiyatia sianidi, dhahabu haisikii. Anayechenjua marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu mara ya kwanza, kule Handeni au Kilindi huenda amewahi kukutana na mchanga mkaidi wa namna hiyo, akadhani dawa aliyouziwa ni feki. Bakteria hao huyala madini yanayoifunga, na sianidi ikapata njia. Mgodi wa Fairview, karibu na Barberton, Afrika Kusini, ulianza kuwatumia kwa njia ya matangi mwaka 1986, na Obuasi nchini Ghana wakafuata katika miaka ya 1990. Teknolojia hiyo imekwisha kuwa mtu mzima. Tuiache mgodini.

Kazi ya pili ni kunasa. Ukuta wa bakteria umejaa vishikizo vyenye chaji za umeme, vingine hasi na vingine chanya ikitegemea ukali wa maji, yaani asidi yake, na ioni za metali hunata hapo. Hapa bakteria hahitaji hata kuwa hai. Seli zilizokufa zikakaushwa zikawa unga hunasa vilevile, na hilo ni jambo jema, kwa sababu maji ya viwandani huua karibu kila kitu.

Kazi ya tatu, kurudisha elektroni, ndiyo yenye maajabu ya kweli.

Mwaka 1976, nchini Ubelgiji, katika tope la tangi la kutuamisha maji ya kiwanda cha zinki, alipatikana bakteria anayestahimili sumu za metali kwa namna isiyo ya kawaida. Baada ya kubadilishiwa majina mara kadhaa, leo anaitwa Cupriavidus metallidurans. Miaka 30 baadaye, mwaka 2006, Frank Reith na wenzake walieleza kuwa wamemkuta huyo huyo akiishi juu ya punje za dhahabu ardhini Australia, kwenye utando mwembamba unaozifunika. Alikuwa akifanya nini hapo?

Anajiokoa. Mwilini mwake anahitaji shaba kidogo, na ikizidi anayo pampu ya kuitoa nje. Dhahabu iliyoyeyuka inapoingia pamoja na shaba, pampu hukwama, shaba hurundikana, na bakteria huanza kufa kwa sumu mbili kwa pamoja. Watafiti wa Ujerumani na Australia walieleza mwaka 2018 kwamba ana pia kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kemia ya mwili, kiitwacho CopA, kinachokaa kati ya utando wake wa ndani na ule wa nje. Kinabadilisha shaba na dhahabu kuwa hali isiyopenyeza kwa urahisi. Shaba inabaki nje, na dhahabu inakuwa vipunje vya ukubwa wa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ambavyo havina madhara tena. Kwa hiyo hiyo "dhahabu wanayokunya" ni matapishi ya aliyelishwa sumu zaidi kuliko choo cha aliyekula akashiba.

Mwenzake, Delftia acidovorans, ana hila nyingine. Haingoji dhahabu iingie. Anatoa nje dawa yake, ambayo watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliitangaza mwaka 2013 kwa jina la delftibaktini, na dawa hiyo huigandisha dhahabu ikiwa bado iko mbali na mwili wake. Huyu anaukabili ugomvi barazani, haungoji chumbani.

Kitu kimoja kuhusu kazi hii kinaonekana kwa macho. Dhahabu ikirudi kuwa metali ndani ya maji haiwi ya njano. Vipunje ni vidogo mno kuweza kurudisha mwanga kama bangili inavyofanya. Maji ya manjano hafifu yanageuka mekundu, kisha zambarau, rangi ile ile inayobaki kwenye ulimi wa mtoto msimu wa zambarau. Aliye maabara akiiona anajua kazi imeshika. Njano itarudi baadaye, vipunje vikishakusanywa na kuyeyushwa.

Msomaji wa Tanga hahitaji kwenda Ubelgiji kuwakuta ndugu wa bakteria hawa. Maji yakitoka, shuka kwenye mikoko upande wa Tongoni, uzamishe mguu. Tope ni jeusi, na harufu yake ni ya mayai viza. Harufu hiyo ni kazi ya bakteria wasiotaka hewa, wanaovuta salfeti iliyomo kwenye maji ya bahari kama sisi tunavyovuta oksijeni, wakatoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ikikutana na chuma kilichomo topeni, inakigeuza cheusi. Ukiwa na pete ya fedha, nayo itafifia iwe nyeusi kabla hujamaliza kuokota kombe. Sonara wangu alicheka niliposema hivyo. Wateja huja wakilalamika wameuziwa fedha bandia, kumbe wametoka pwani.

Tabia hiyo ya kuharibu pete ndiyo mtaji. Gesi ile hugandisha zinki, shaba na kadimiamu zilizoyeyuka, zikazama kama tope. Kiwanda cha zinki cha Budel, Uholanzi, kilianza mwaka 1992 kusafisha maji yake ya ardhini kwa bakteria wa namna hii, na zinki iliyopatikana ikarudishwa kiwandani kuwa malighafi. Zinki si madini ya thamani, ila mtambo ule uliwanyamazisha waliodai kwamba vijidudu ni vya kwenye chupa za maabara tu. Katika ukoo huo huo yumo Desulfovibrio, ambaye nitamrudia, kwa sababu kwa maoni yangu ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko hao wa dhahabu.

Kabla ya hapo tuzungumze hesabu, maana hapa ndipo ndoto nyingi zinapovunjika.

Bahari iliyo mbele ya Raskazone ina dhahabu. Bahari zote zinayo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani, ambayo ilikuwa imepoteza makoloni yake pamoja na Tanga hii na reli iliyoanza kuijenga hapa mwaka 1893, ilidaiwa fidia kubwa ya vita. Mkemia Fritz Haber, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1918, aliamua kuilipa kwa dhahabu ya baharini. Katika miaka ya 1920 alipanda meli akiwa na maabara yake, akakusanya sampuli kwa maelfu. Vipimo vya zamani alivyovitegemea vilikuwa vimekosea mno, na akaachana na mpango huo. Leo inakadiriwa kwamba katika Atlantiki na kaskazini ya Pasifiki, gramu 1 ya dhahabu imetawanyika katika tani milioni 100 hivi za maji. Hakuna bakteria wala jini wa kuikusanya kwa faida. Gharama ya kuyasukuma hayo maji tu ingemaliza dhahabu yote.

Upande wa pili kuna mji wa Suwa, mkoa wa Nagano, Japani. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba majivu ya tope la majitaka lililochomwa huko yalikuwa na gramu 1,890 za dhahabu kwa tani moja. Mgodi wa Hishikari, huko huko Japani, ambao ni miongoni mwa migodi tajiri duniani, hupata gramu 20 hadi 40 kwa tani ya mawe. Siri ni kwamba eneo la Suwa lina viwanda vingi vya vifaa vya usahihi vinavyotumia dhahabu, na maji yao huishia mtambo mmoja. Uswisi nao walipima majitaka yao, na mwaka 2017 wakatangaza kuwa kila mwaka hupitisha kilo 43 hivi za dhahabu na tani 3 za fedha. Ukisikia hivyo unaweza kukimbilia na ndoo. Lakini watafiti wenyewe walisema kwa sehemu kubwa ya nchi haifai kuitoa, kwa kuwa imetawanyika mno; ni maeneo machache ya jimbo la Ticino, karibu na viwanda vya kusafishia dhahabu, ambako hesabu inakubali.

Kwa hiyo swali la kwanza si "kuna dhahabu kiasi gani?" bali "imetawanyika katika maji kiasi gani?" Maji yakiwa mazito kwa dhahabu, kemia ya kawaida inatosha: unatia unga wa zinki, dhahabu inagandika, unaenda zako. Maji yakiwa kama ya bahari, samehe. Bakteria wanatafutiwa ajira katikati, pale dhahabu ilipo chache mno kwa zinki na nyingi mno kuimwaga.

Na hapo katikati wana mshindani, ambaye Tanga nzima inamfahamu: kifuu cha nazi.

Kaboni inayotumika migodini kunasa dhahabu iliyo kwenye sianidi, ile ambayo wachenjuaji wa marudio huibeba kwa magunia kupeleka kuchujwa, kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa vifuu vya nazi vilivyochomwa na kutiwa matundu kwa mvuke. Kifuu ni kigumu, hakisagiki upesi ndani ya tangi, na matundu yake ni madogo sana. Gramu moja ya kaboni nzuri ina eneo la ndani la mita za mraba 1,000 hivi. Gramu saba zinatosha kutandika uwanja wa Mkwakwani goli hadi goli. Haihitaji kulishwa, haiugui, haijali joto la Februari. Anayeniuzia habari ya bakteria wa dhahabu, swali langu ni moja: anaishinda vipi nazi?

Mara nyingi haishindi. Bakteria wanataka ukali wa maji usiozidi kiasi, chakula, na muda. Maji ya bodi za simu yana shaba nyingi mno ikilinganishwa na dhahabu, na vishikizo vya bakteria vinaweza kujazwa na shaba kabla dhahabu haijapata nafasi. Ndiyo maana wengi huwakuza bakteria kwenye tangi moja penye raha zao, kisha huwavuna na kuwatia kwenye maji ya kiwanda wakafanye kazi ya mwisho, hata ikiwaua.

Lakini yapo mahali wanaposhinda. Turudi kwa Desulfovibrio. Katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, Lynne Macaskie na wenzake kwa miaka mingi wamemlisha paladiamu, moja ya metali zilizomo kwenye kile ambacho mafundi wa gereji huita masega, kinachochujia moshi wa gari. Akipewa haidrojeni, vimeng'enya vyake huanza kuigandisha paladiamu mwilini mwake. Punje za kwanza zikishatokea, zenyewe huendelea kuvuta nyingine, hata bakteria akiwa amekwisha kufa. Mwishoni seli imevaa koti la paladiamu. Na koti hilo halihitaji kuyeyushwa: linaweza kutumika lilivyo kama kichocheo cha kemikali, kwa mfano kupunguza sumu ya kromiamu kwenye maji mengine. Kaboni ya nazi inanasa tu. Huyu ananasa na kutengeneza bidhaa. Kundi hilo lilikwenda mbali hadi kufagia vumbi la barabarani, kwa sababu masega hupukutika kidogo kidogo kila gari linapopita.

Kuna pia sianidi yenyewe. Mwaka 1984 mgodi wa Homestake, South Dakota, Marekani, ulianza kutumia bakteria kula sianidi kwenye maji yake kabla hayajafika mtoni. Hapo wadudu hawakuleta dhahabu hata chembe, lakini waliokoa samaki. Na nikiwa bado kwenye sianidi: maji ya kuchovyea yenye sianidi yasichanganywe kamwe na asidi. Gesi inayotoka inaua chumba kizima, na haina muda wa kuomba radhi.

Nilirudi kwa mzee na haya yote. Alisikiliza huku akipuliza kahawa. Alitaka kujua wanakula nini. Nikamwambia hawachagui sana: sukari, asidi zitokanazo na uozo, mabaki ya mimea. Kule Hale, Korogwe, tayari bakteria wa aina nyingine wamewahi kulishwa taka za mkonge kutoa biogesi ya umeme, na taka hizo hazikauki, kwa sababu nyuzi zenyewe ni chini ya asilimia 5 ya jani. Kama siku moja Tanga itakuwa na kiwanda cha kuchakata skrepa za simu, chakula cha wafanyakazi hao kipo. Hilo ni wazo langu, si mpango wa mtu.

"Na wakishaishika dhahabu, mtaitoaje miilini mwao?"

"Wanakamuliwa maji, wanakaushwa, wanachomwa. Majivu yanaingia kwenye kalibu."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kumbe mwisho wake ni moto na kalibu! Basi kazi ni ile ile yangu, mmeongeza mifugo tu."

Kisha akauliza kuhusu ndoo yake. Nilimwambia ukweli, kwamba kwa lita ishirini za maji ya sianidi, bakteria ni kutafuta makuu. Atafute kaboni, walio na marudio Handeni wanayo. Akachukua kipande cha chaki, akaandika "Handeni" juu ya kifuniko cha ndoo, akairudisha kwenye kona.